Zollverein, mgodi uliogeuka mtaa wa sanaa: maswali ambayo kila mgeni wangu anauliza

Naishi huku Ruhr, ukanda wa viwanda wa Ujerumani, na kila ndugu au rafiki akija kunitembelea lazima nimpeleke Zollverein, maana kuingia eneo lenyewe ni bure na ukitoka pale una picha za kutosha mwaka mzima. Maswali huwa ni yaleyale, kuanzia shangazi yangu mpaka watoto wa shule, kwaiyo nimeyaandika yote hapa na majibu yake. Anza na ya mwanzo kama hujui kitu kabisa, ya mwisho ni ya wale wabishi.

## Kwanza tuelewane

Zollverein ni nini hasa?

Ni mgodi wa zamani wa makaa ya mawe, uko upande wa kaskazini wa mji wa Essen. Ulianzishwa 1847, ukafungwa tarehe 23 Desemba 1986, na ndo ulikuwa mgodi wa mwisho uliobaki Essen. Leo eneo lake, kama hekta 100 hivi, lina makumbusho, chuo cha sanaa, ukumbi wa dansi, mgahawa, ofisi, bwawa la kuogelea na msitu uliojiotea wenyewe juu ya mabaki ya mawe. Tangu Desemba 2001 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, orodha ileile yenye Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu wakisikia hivyo wanashtuka kidogo, mgodi wa makaa upange foleni na Kilwa, lakini ndo hivyo.

Makaa ya mawe ndo huu mkaa tunaopikia?

Hapana. Mkaa wa kupikia ni mti uliokatwa juzi ukachomwa. Makaa ya mawe ni mimea iliyofukiwa kwenye matope zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ikakandamizwa na tabaka za udongo na mawe mpaka ikawa jiwe jeusi linalowaka. Linakaa chini kwenye mikanda myembamba, na Zollverein waliishia kulifuata mpaka zaidi ya mita 1000 kwenda chini.

Na koki je, ni kitu gani?

Hapa mtu aliyekulia kwenye nyumba ya mkaa anaelewa haraka kuliko wenyeji wa huku. Unajua tanuru la mkaa: unapanga magogo, unafunika na udongo hewa isiingie, unawasha, mti hauungui ukawa majivu ila unatoa moshi wake wote na unabaki mkaa. Sasa fanya hivyohivyo kwa makaa ya mawe, uyafungie kwenye tanuru lisilo na hewa, uyapashe mpaka nyuzi 1000 na zaidi, gesi na lami zitoke, kitakachobaki ni madonge ya kijivu yenye vitundu vitundu, yanawaka kwa joto kali na karibu bila moshi. Hiyo ndo koki. Mkaa ni mtoto wa kuni, koki ni mtoto wa makaa ya mawe.

Umuhimu wake ni kwamba ukitaka kuyeyusha mawe ya chuma kwenye tanuru kubwa huwezi kumwagia makaa ghafi, unahitaji koki. Bila hiyo habari hata sababu ya mgodi kuanzishwa huielewi, angalia swali linalofuata.

Jina Zollverein linamaanisha nini na nani aliuanzisha?

Utacheka. Linamaanisha Umoja wa Forodha. Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi moja, ilikuwa vijinchi vingi kila kimoja na ushuru wake mpakani, mpaka 1834 wengi wao wakakubaliana kufuta ushuru kati yao. Mfanyabiashara mmoja wa pale Ruhr anaitwa Franz Haniel alifurahia sana ule mpango, maana mtu wa biashara akifutiwa ushuru anafurahi popote pale, na yeye alikuwa na viwanda vya chuma vyenye njaa ya koki. Alipofungua mgodi wake 1847 akauita Zollverein. Ni kama tajiri wa Mwanza au Kisumu angefungua mgodi baada ya 2005 akauita Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki. Jina la biashara la ajabu lakini limekaa.

## Enzi za kuchimba

Mbona wanasema ni mgodi mzuri kuliko yote duniani? Mgodi unakuwaje mzuri?

Mi mwenyewe mara ya kwanza nilicheka. Wanaongelea hasa sehemu moja, Shafti 12, iliyoanza kujengwa 1928 na kuanza kazi tarehe 1 Februari 1932. Shafti ni lile shimo la kusimama wima linaloshuka chini mgodini, na Zollverein ilikuja kuwa nayo mengi, hii ni ya kumi na mbili. Mgodi ulikuwa umeshapita kutoka mikono ya akina Haniel, tangu 1926 ulikuwa chini ya kampuni kubwa ya vyuma, Vereinigte Stahlwerke, na hao walitaka mtambo mmoja wa kisasa utakaonyanyua makaa ya mgodi mzima.

Kazi wakawapa wasanifu wawili, Fritz Schupp na Martin Kremmer, na hao jamaa badala ya kubandika mapambo kama ilivyokuwa desturi wakachora maboksi matupu. Kila jengo ni fremu ya chuma iliyojazwa matofali mekundu na vioo, yamepangwa kwenye mistari miwili iliyonyooka, ukisimama sehemu sahihi kila kitu kinalingana kushoto na kulia. Yale matofali hayabebi mzigo wowote, mzigo uko kwenye chuma cha ndani, ukuta ni kama shuka lililotandikwa tu. Alafu mbele kabisa kuna mnara wa mita 55 wenye miguu iliyotanuliwa pande mbili na magurudumu juu, yale yaliyokuwa yanavuta kamba za chuma. Unaitwa Doppelbock. Wenyeji wanauita Mnara wa Eiffel wa Ruhr, ni majivuno kidogo lakini jioni ukiuona mwekundu juu ya anga ya kijivu utawaelewa.

Na haukuwa urembo mtupu, ulikuwa unapiga kazi: tani 12,000 za makaa kwa siku. Makaa ya mashafti mengine yalikuwa yanasafirishwa chini kwa chini mpaka hapo, yananyanyuliwa, yanaoshwa, yanapangwa, yanaondoka na treni.

Kwaiyo wachimbaji walikuwa wanapita mlango ule mkubwa wa mbele?

Hili ndo jibu ambalo nikilisema watu wananyamaza. Hapana. Shafti 12 ilijengwa kwa ajili ya makaa, sio watu. Ule uwanja wa mbele wenye majani yaliyokatwa vizuri, wanaouita uwanja wa heshima, ulikuwa wa kuwaonyesha wageni na wateja kwamba kampuni iko vizuri. Wachimbaji walikuwa wanaingilia kwenye mashafti ya zamani, kama pale jirani kwenye mashafti namba 1, 2 na 8, wenyewe wanaandika 1/2/8, na mengine ya mbali zaidi. Makaa yalipewa mlango mzuri, watu wakapita uani.

Na wale wasiofanya kazi mgodini ndo kabisa. Eneo lote lilikuwa na ukuta, watu wa mitaa ya Katernberg, Stoppenberg na Schonnebeck walilisikia likinguruma usiku na mchana, nguo walizoanika zinapata vumbi, lakini ndani hawakuruhusiwa. Wanaliita mpaka leo mji uliokatazwa. Kuna wazee wameishi mita 200 kutoka pale maisha yao yote na wameingia kwa mara ya kwanza baada ya kufungwa.

Maisha ya mchimbaji yalikuwaje?

Enzi za pilika nyingi mgodi uliajiri mpaka watu 8,000 waliopokezana zamu. Anza na nguo. Mchimbaji akifika anaenda kwenye jengo la kubadilishia na kuogea, anavua nguo za nyumbani, anazitundika kwenye ndoano, alafu anavuta mnyororo nguo zinapaa mpaka darini, anafunga na kufuli. Hakuna kabati. Ukiangalia juu unaona mamia ya suruali na makoti yananing'inia kama popo. Anavaa za kazi, anaenda kwenye lifti ya shafti, anashuka. Zamu ikiisha anarudi mweusi tititi, anaoga na wenzake, wanasuguana migongo kwa zamu maana mgongo wako mwenyewe huufikii.

Salamu yao ni Glück auf, usiku mchana, ukikutana na mtu chini au juu. Ni dua ya kumtakia mwenzio bahati ya kupata mkanda wa makaa na ya kupanda salama. Mpaka leo hapa Ruhr utaisikia kwenye mazishi, kwenye mechi, hata mwisho wa barua za ofisi.

Tatizo kubwa la siku hadi siku lilikuwa vumbi la mawe. Linaingia kwenye mapafu halitoki, mapafu yanakakamaa, mtu wa miaka 50 anapanda ngazi tatu anapumzika. Wengi walikufa nyumbani miaka mingi baada ya kuacha kazi, kwaiyo hawahesabiwi kwenye ajali. Milipuko ya gesi nayo ilikuwepo, hasa mwishoni mwa karne ya 19, na ndo sababu wakachimba mashafti ya ziada ya kupitishia hewa.

Nje ya kazi ilikuwa bustani ndogo nyuma ya nyumba ya kampuni na njiwa wa mashindano, wenyewe wanamwita njiwa farasi wa mbio wa mtu mdogo. Na mpira, lakini mpira una swali lake huko chini.

Wafanyakazi wote walikuwa Wajerumani?

Sio kabisa. Kabla ya Vita vya Kwanza walikuja watu wengi sana kutoka mashariki wanaoongea Kipolandi, ndo maana majina ya huku ukisoma kwenye kengele za milango nusu yanaishia na "ski". Wakati wa Vita vya Pili migodi ya Ruhr, Zollverein ikiwemo, iliendeshwa pia na mateka na watu waliokamatwa kwa nguvu nchi zingine, hasa kutoka Umoja wa Kisovieti, walilishwa vibaya na kutendewa vibaya, na hili usitegemee kulisahau kwa sababu ya majengo mazuri. Baadae ikaja mikataba ya kuleta vibarua: Uturuki 1961, Morocco na wachimbaji kutoka Korea Kusini 1963. Wengi walisaini kwa miaka miwili mitatu wakabaki moja kwa moja. Ukipita Katernberg leo unanunua mikate kwa Mturuki ambaye babu yake alishuka shimoni, hana ugeni wowote pale.

## Kufungwa na kunusurika

Kwa nini waliufunga wakati makaa bado yapo?

Bei. Makaa ya Ruhr yako chini sana, kila mwaka unashuka zaidi, kila mita unalipia lifti, hewa, mbao na vyuma vya kushikilia dari na pampu za maji. Wakati huohuo kuna nchi wanachimba karibu na uso wa ardhi wanapakia melini, yakifika Ulaya bado ni rahisi. Na mafuta yakaingia. Kuanzia 1958 ikawa migodi inafungwa mmoja baada ya mwingine, 1968 iliyobaki ikaunganishwa kwenye kampuni moja, Ruhrkohle AG, kazi yake kubwa ikawa kufunga taratibu watu wasitupwe barabarani kwa mkupuo. Zollverein zamu yake ilifika 1986. Kile kiwanda cha koki cha pembeni kiliendelea mpaka tarehe 30 Juni 1993, soko la chuma likakimaliza.

Mbona hawakubomoa wakauza vyuma chakavu?

Ilikuwa karibu sana. Migodi mingi ya Ruhr ndo hivyo ilivyoisha, unapita leo unakuta supermaketi na kibao cha ukumbusho. Kilichookoa Shafti 12 ni kwamba serikali ya jimbo, Nordrhein-Westfalen, ililinunua eneo kutoka kampuni na likawekwa kwenye ulinzi wa urithi mwaka uleule wa kufungwa. Wengi waliona ni wazimu, unalipa hela kutunza kutu. Mchimbaji aliyepoteza kazi hakuwa anataka mnara, alikuwa anataka kazi, na mi siwalaumu.

Kiwanda cha koki kilipona kwa bahati zaidi. Kilijengwa 1957 mpaka 1961, msanifu yuleyule Schupp, matanuru 304 yamepangwa mstari mmoja mrefu, kwenye miaka yake mizuri kilitoa tani 8,600 za koki kwa siku. Kilipofungwa kulikuwa na mpango wa kukiuza China, yaani kifunguliwe nati kwa nati kikajengwe upya huko. Dili likafa. Ikafuata hoja ya kukibomoa, mwishowe 2000 kikapewa ulinzi, na mwaka mmoja baadae kiko UNESCO pamoja na mgodi. Kama wanunuzi wangekubaliana bei leo pale pangekuwa uwanja mtupu.

Wazo la sanaa lilitoka wapi?

Halikutoka kwa mtu mmoja. Majengo makubwa matupu yanavuta wasanii kama sukari na sisimizi, kwaiyo walishaanza kuingia mapema mafundi wakiwa bado wanarekebisha mapaa. Ila kulikuwa na mpango mkubwa wa miaka kumi, 1989 mpaka 1999, wa kuifufua Ruhr ya kaskazini, unaitwa IBA Emscher Park, ukiongozwa na Karl Ganser. Msimamo wake ulikuwa usibomoe, tafuta matumizi. Kutoka kwenye mpango huohuo kukatoka bustani ya Duisburg-Nord iliyo ndani ya kiwanda cha chuma, na tangi kubwa la gesi la Oberhausen ambalo sasa ni ukumbi wa maonyesho. Mwaka wa mwisho wakafunga kwenye kiwanda cha koki cha Zollverein na maonyesho, wakaweka na gurudumu la kubembea kama la sabasaba, unapanda kibanda kinakuzungusha mpaka katikati ya matanuru. 1998 ilishaundwa taasisi ya kusimamia eneo, Stiftung Zollverein, mpaka leo ndo wenye funguo.

Nani analipa?

Hela nyingi ni za umma: jimbo, mji wa Essen na Umoja wa Ulaya kwenye ukarabati mkubwa. Tiketi na kodi za ofisi zinasaidia lakini zisikudanganye, fremu ya chuma ya 1932 inakula kutu kila mvua ikinyesha na Ruhr mvua haikosi. Gharama za maji ya mgodini ni hesabu nyingine kabisa, nimeieleza kwenye swali la pampu.

## Siku hizi

Ndani ya yale majengo kuna nini?

Kubwa kuliko yote ni jengo la kuoshea makaa, ambalo sasa ni Ruhr Museum, limefunguliwa 2010, mwaka ambao Essen na miji jirani ilikuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, na sherehe ya ufunguzi ilifanyika palepale Zollverein Januari kwenye theluji. Ukarabati uliongozwa na ofisi ya msanifu Rem Koolhaas. Unapanda ngazi ya umeme ya nje, ndefu zaidi ya mita 50, ya rangi ya chungwa inayowaka, inakufikisha mita 24 juu ndo unaingia. Alafu makumbusho yenyewe unateremka, ghorofa kwa ghorofa, kama makaa yalivyokuwa yanateremka ndani ya mashine: juu mambo ya sasa, katikati kumbukumbu, chini historia. Ngazi za ndani nazo zimewekewa taa za chungwa, unajiona kama donge la moto linaporomoka. Mashine za zamani zimeachwa palepale, unapita katikati yake. Kama una muda wa kitu kimoja tu, fanya hiki.

Nyumba ya maboila imekuwa Red Dot Design Museum, makumbusho ya ubunifu, tangu 1997, msanifu Norman Foster ndo aliibadilisha, na akili yake ilikuwa kutofuta kitu, kwaiyo unakuta viti na birika za bei mbaya zimetulia katikati ya mabomba yenye kutu. Ukumbi wa mashine za kushindilia hewa umekuwa mgahawa. Lile jengo la kubadilishia nguo la Shafti 1/2/8 nililolielezea kwenye maisha ya wachimbaji, sasa ni PACT Zollverein, nyumba ya dansi ya kisasa, tangu 2002. Vigae vya bafuni bado vipo, na vile vishimo vya kuwekea sabuni ukutani. Wanadansi wanajinyoosha pale watu walipokuwa wanasuguana migongo. Hiyo ndo sehemu inayonigusa mimi kuliko mnara.

Chuo cha sanaa cha Folkwang kina kampasi ya ubunifu pale tangu 2017. Na kuna boksi jeupe la zege lenye madirisha yaliyotawanyika, la 2006, kazi ya ofisi ya wasanifu wa Japani inayoitwa SANAA. Kuta zake ni nyembamba kwa sababu walipitisha ndani ya zege mabomba ya maji ya uvuguvugu kutoka mgodini, kina cha kama mita 1000, jengo likapata joto la bure kutoka kwenye shimo lilelile.

Bwawa la kuogelea ndani ya kiwanda ni kweli au utani?

Ni kweli. 2001 wasanii wawili wa Frankfurt, Dirk Paschke na Daniel Milohnic, walichukua makontena mawili ya melini wakayaunganisha, wakaweka maji ya bluu na sakafu ya mbao kuzunguka, katikati ya mabomba ya kiwanda cha koki. Kiangazi watoto wa mtaani wanajaa, bure. Majira ya baridi wanatengeneza uwanja wa barafu mrefu kandokando ya matanuru, taa nyekundu juu, watu wanateleza. Ukikuta uwanja umefungwa usinilaumu, wahi kuulizia kabla.

Watu wa mtaa ule wanafaidika au ni mambo ya watalii tu?

Nusu kwa nusu, na mtu akikuambia vingine ana brosha mkononi. Kabla ya korona eneo lilikuwa linapata kama wageni milioni 1.5 kwa mwaka, lakini kazi za mgodi elfu kadhaa hazikurudi, huwezi kubadilisha wachimbaji 8,000 kuwa wabunifu wa viti. Mitaa ya jirani bado ina ukosefu wa ajira kuliko kusini mwa Essen. Ila ukuta umeanguka kweli. Jumapili unakuta akina mama wa Kituruki na vikapu vya chakula chini ya mnara, vijana na baiskeli, wazee wanatembeza mbwa. Kwenye makumbusho ya ubunifu huwaoni hao sana, kwenye bwawa na kwenye nyasi ndo kwao.

## Ukitaka kwenda

Nafikaje, na ni bei gani?

Kutoka stesheni kuu ya Essen panda tramu namba 107, shuka kituo kinaitwa Zollverein, kama dakika 20. Kutembea eneo la nje ni bure muda wowote, unalipia makumbusho na matembezi ya kuongozwa. Matembezi mimi nashauri lipia, hasa ukipata mwongozaji aliyekuwa mchimbaji mwenyewe, wanazidi kupungua. Vaa viatu vya kutembelea, mgodi na kiwanda cha koki vimeachana kidogo. Mzee au mwenye kiti cha magurudumu kwenye Ruhr Museum lifti ipo, matembezi ya kiwanda cha koki yana ngazi nyingi za chuma, hapo uliza kwanza.

Naweza kushuka chini mgodini?

Hapana, chini kumefungwa. Ukitaka hisia za chini nenda Bochum, mji wa jirani, makumbusho ya uchimbaji wana mahandaki ya maonyesho kama mita 20 chini ya jengo. Hayajawahi kutoa makaa, yamechimbwa kwa ajili ya kuonyeshea, ila mashine ni za kweli na zikiwashwa utaelewa kwa nini wachimbaji wazee hawasikii vizuri.

Ruhusa ya picha na video?

Picha zako za kumbukumbu piga utakavyo. Ukija na mataa, wanamitindo na kazi ya kulipwa, omba kibali kwa taasisi.

## Maswali ya wabishi

Ni kweli pampu zikizimwa Ruhr itazama?

Sehemu kubwa itajaa maji, ndio. Ukitoa makaa chini kwa zaidi ya miaka 150 ardhi ya juu inakaa, na hapa kuna sehemu zimeshuka mita 20 na ushee. Mitaa mizima iko chini kuliko mito yake, kama bakuli. Kwaiyo inabidi kupampu maji ya juu yasitulie, na kupampu maji ya mgodini yasipande yakafikia maji ya kunywa. Wenyewe wanaziita kazi za milele, na hawatanii, haziishi. Kuna mfuko maalum, RAG-Stiftung, umeundwa 2007 kwa ajili ya kulipia, unaendesha uwekezaji na faida ndo inalipa, na ofisi zake ziko wapi? Zollverein.

Kushuka huko ndo kulifanya mto Emscher uwe mfereji wa maji machafu wa wazi karibu miaka 100, maana bomba lolote ukifukia ardhi ikicheza linakatika. Migodi ilipofungwa ardhi ikatulia, kazi ya kusafisha ikaanza 1992 na mwisho wa 2021 ndo maji machafu yakaacha kuingia mtoni.

Si nasikia Ujerumani bado wanachimba makaa?

Unachanganya aina mbili. Makaa magumu ya chini kama ya Zollverein yaliisha tarehe 21 Desemba 2018 kwenye mgodi wa Bottrop, wachimbaji walipanda na donge la mwisho wakamkabidhi rais Frank-Walter Steinmeier. Mgodi ule uliitwa Prosper-Haniel, ndo yuleyule Haniel wa juu kabisa. Kinachoendelea ni makaa ya kahawia, laini, yanachimbwa kwenye mashimo ya wazi kama Garzweiler, na sheria inataka yaishe 2038 kabisa.

Mpira unahusiana vipi?

Unahusiana mno. Helmut Rahn, aliyefunga goli la ushindi kwenye fainali ya Kombe la Dunia 1954 dhidi ya Hungary, 3 kwa 2, ni mtoto wa Katernberg, kivuli cha Zollverein. Na Schalke 04 wa Gelsenkirchen, tramu ileile 107 inaelekea huko, wanaitwa wachimbaji mpaka leo, njia ya wachezaji kuingia uwanjani imetengenezwa kama handaki la mgodi.

Na sisi tunaweza kufanya hivyo kwetu?

Makaa ya Kiwira na Ngaka kule Tanzania bado yanahesabiwa kama mali ya kuchimba, hiyo habari haijafika. Ila kugeuza godauni kuwa sehemu ya wasanii hatuhitaji kufundishwa, Nairobi GoDown walianza 2003, Dar kuna Nafasi na karakana zake za makontena. Tofauti ni kwamba huku serikali ilinunua kwanza, ikatafuta matumizi baadae. Kwetu tunasubiri matumizi, na tukisubiri mwenye vyuma chakavu anawahi.

Naweza kuokota kipande cha makaa nikaondoke nacho?

Usiokote, ni eneo la urithi. Shangazi yangu aliuliza hili akiwa ameshakishika, anakipima na mkaa wake wa Tandika. Nilipomwambia akirudishe akakitupa chini, akasema miaka 139 wamechimba yote wamemaliza, leo kimoja ndo wananinyima mimi.